Mbegu Mfukoni, Pengwini Ng'ambo ya Maji

Jumatano. Upepo unapiga chuma cha meli tangu alfajiri, na ukungu umeinuka kidogo tu, kiasi cha kukiona kisiwa. Nimekasirika. Nimejifungia kwenye chumba cha kufulia na sitaki kuonana na mtu.

Shajara, wewe unajua kwa nini nilipanda meli hii. Durban ilinibana. Nilisubiri pasipoti miaka chungu nzima, huku nikisuka nywele za watu saluni na kulala chumba kimoja mtaani Sydenham na mama na binti yangu Neema. Pasipoti ilipotoka, nikachukua kazi ya kwanza iliyovuka bahari: kufua mashuka ya watalii wanaokwenda kusini kutazama ndege. Nikajiambia, sasa natoka.

Nimetoka nikaingia hapa. Chumba cha kufulia kiko chini, hakina dirisha. Huko juu watalii wanapiga kelele wakiona albatrosi, mimi nasikia mashine. Nikipanda sitahani kupumzika nakuta maji pande zote, na ndege hao wenye mabawa marefu kuliko kitanda changu wanapita bila hata kuyapiga. Niseme ukweli, nawaonea wivu, tena wivu mbaya.

Ila tuliahidiwa kitu. Siku ya mwisho kabla ya kugeuza, wafanyakazi nao wapelekwe kisiwani kwa zamu, wakanyage ardhi na kuwaona pengwini kwa karibu. Zamu yangu ilikuwa leo. Nimevumilia safari nzima kwa ajili ya leo.

Kisiwa hiki hakina mtu wala mti. Ndege wanataga chini, kwenye nyasi na mashimo, kwa hiyo hairuhusiwi kupeleka hata mbegu moja kutoka kwingine. Kabla ya kushuka unasugua viatu, unageuza mifuko, na koti linapitishwa mashine ya kufyonza vumbi. Mkaguzi wetu ni Priya, mtoto wa Chatsworth, hukohuko Durban, ambaye hana mchezo hata na nahodha. Alinipekua, akasema, "Sharp, sista," yaani niko safi, akanipa jaketi la uokoaji.

Nikapanga foleni nyuma ya Désiré, Mrundi wa jikoni. Baridi ilinichoma vidole, nikaingiza mkono ndani ya koti. Bitana ya mfuko imetoboka. Chini kwenye pindo vidole vikagusa kitu kama mchanga.

Nilijua mara moja. Mbegu za lenga-lenga, mchicha wa kwetu.

Sisi wanawake wa Uvira, kule Kongo, hatupiti udongo mtupu hivi hivi. Shuke la mboga likikauka unalifikicha, mbegu unatia mfukoni, na popote unapoona udongo unamwaga kidogo. Koti hili ndilo ninalovaa asubuhi za baridi nikimwagilia mboga za mama. Ukuta mzima nyuma ya ghorofa letu umejaa lenga-lenga kwa sababu ya mfuko huu, na sijawahi kuona haya mpaka leo.

"Da Riziki, panda basi! Mashua iko inaenda," Désiré aliniita.

Nikamwonyesha kidole changu, punje nyeusi zimeng'ang'ania.

"Eish. Hakuna mutu ameona. Funga koti, twende."

Nilifikiria kulifunga. Usinihukumu. Nilifikiria kwamba labda baridi ya huku ingeziua zote. Nikafikiria pia ule ukuta wa Sydenham, jinsi ulivyoanza na konzi moja tu.

Nikarudi kwa Priya. Aliangalia pindo, akanitazama kwa huruma. Lakini sheria ni moja: mbegu ikionekana baada ya ukaguzi, hushuki, hata ukivua koti, maana huenda nyingine zimeshaingia kwenye sweta na soksi. "Sorry, sista," akasema. Mashua ikaondoka.

Nilisimama sitahani hadi miguu ikafa ganzi. Ufuo mzima ulijaa pengwini, na upepo ukigeuka uliniletea harufu yao, kama soko la samaki jioni. Kwa mbali walikuwa wadogo kama kunde. Walikuwa wakianguka, wakiinuka, wakisukumana kuingia majini. Nilicheka kidogo. Kisha nikalia, mbele ya watu.

Désiré amerudi uso unang'aa. Anasema mmoja alimjia mpaka kwenye kiatu. Nilitaka kumpiga kofi.

Mama atasema Mungu ameona. Mimi sijisikii vizuri hata kidogo. Mpakani walinifungia mlango, ofisini Durban wakanifungia, na siku zote nilikuwa na wa kumlaumu. Leo nimejifungia kwa mkono wangu mwenyewe, na bado nimelia kama mtu aliyefukuzwa.

Meli imeanza kugeuza, naihisi miguuni. Neema ataniuliza kama nilimgusa pengwini. Nitamjibu hapana. Je, nitakuwa na nguvu ya kumwambia kwamba ningeweza?