Karani Alikuwa Akimsalimia Nani?

Nyumbani,
Jumatano, saa nane mchana

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, mikono yako imepona malengelenge ya mvuke uliyonieleza, na mashine za meli yenu zinakutii kama zinavyopaswa. Sisi huku hatujambo. Wifi yako alikuwa na kikohozi cha wiki mbili, akakimaliza kwa kukikasirikia, kama ilivyo kawaida yake. Mimi goti la kushoto linanilalamikia nikipanda ngazi, lakini nikishuka linanyamaza, na bado sijapata mtu wa kunieleza sababu.

Nina habari ya kukupa, na sitaizungusha. Karani hayupo tena. Jana saa tatu asubuhi daktari wa mifugo alimchoma sindano ya mwisho, hapa uani, kwa idhini yangu. Farasi alikuwa wako. Baba alitamka hivyo mbele yetu sote, wala sikusahau. Lakini meli yenu haifiki bandarini mpaka mwisho wa mwezi, kwa hiyo niliamua peke yangu jambo ambalo haki ya kuliamua ilikuwa yako. Nakuandikia yote kwa mpangilio ili upime mwenyewe kama nilifanya sawa. Na lipo jambo moja ambalo hata wifi yako halijui. Hilo nitalifikia.

Mambo yalianza na fundi wa kwato, yule tunayemwita Misumari. Alikuwa hajafika kwetu kwa miezi minane kwa sababu alivunjika nyonga, nami sikumwita fundi mwingine, kwa kuwa Karani havuti tena gari la mikate wala havai viatu. Niliona kwato zake zitalika zenyewe. Misumari alirudi akichechemea, lakini mdomo wake ulikuwa umepona kabisa. Alipoingia uani tu akamwambia Karani shikamoo, na Karani akainua mguu wa mbele wa kulia, kama baba alivyomfundisha ili wateja wacheke wakingoja mkate wao. Misumari akaniambia kwamba katika mtaa huu mwenye adabu amebaki farasi peke yake, na kwamba mimi na majirani zangu tungefaa kujiandikisha kwake kwa masomo ya jioni.

Kisha akataka kuanza na ukwato wa kushoto. Karani akakataa kuuinua. Misumari alimbembeleza, akamsukuma kwa bega, akamwita mzee mkaidi, akasema wazee wote ni wale wale huku akinitazama mimi. Wapi! Mguu wa kulia Karani aliutoa hata kabla ya kuombwa. Wa kushoto, hata kidogo. Nilisimama na karoti yangu mkononi nikijiuliza ni ukaidi gani huu unaochagua upande. Misumari akaweka kiganja juu ya ukwato wa kulia, akakiacha pale, akanyamaza. Mtu yule akinyamaza, hiyo peke yake ni habari. Halafu akaniambia niweke kiganja changu na mimi. Ukwato ulikuwa na moto kama birika lililoepuliwa muda si mrefu. Akakusanya vyombo vyake bila kuchonga chochote, akasema kwamba kazi hii imemshinda, nimwite daktari leo, si kesho.

Daktari ni mwanamke mfupi, wa maneno machache, mwenye mabuti yanayoelekea kumzidi. Alikuja na mashine ndogo ya eksirei, akamsimamisha Karani juu ya vibao viwili, akapiga picha, akanionyesha. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo nimeishi na farasi huyu miaka ishirini na sita bila kulijua. Ndani ya ukwato mna mfupa mdogo wenye ncha, umeshikwa na ukuta wa ukwato kama nyama ya kidole inavyoshikwa na ukucha, na uzito wote wa mnyama unaning'inia hapo. Mahali hapo paliposhikana palikuwa pamevimba, pakaachia. Mfupa wa mguu wa kulia ulikuwa umeinama, ncha yake ikitazama chini kwenye wayo. Wa kushoto ulikuwa umeanza kuufuata.

Miaka thelathini na minne ya kupima ardhi imeniachia ugonjwa wa kuuliza, nawe unaujua. Niliuliza umeinama digrii ngapi. Akanijibu kumi na mbili. Niliuliza kwa nini farasi halii akiumwa kama mbwa anavyolia. Akasema kwamba mnyama aliyeumbwa kuwindwa hajitangazi. Niliuliza kama ni kweli hulala akisimama. Akasema husinzia tu, usingizi wenyewe unamtaka ajilaze. Wifi yako akasema kwamba kama ningemhoji hivyo wakati wa uchumba, leo angekuwa mke wa mtu mwingine, tena mwenye raha zake.

Mwishowe niliuliza kwa nini Karani alikubali kuutoa mguu mmoja na kuukatalia mwingine. Daktari aliniambia ninyanyue mguu wangu wa kushoto nione uzito unakwenda wapi. Nikaunyanyua, pale pale uani, nikishikilia mlango wa banda. Uzito ulikwenda kulia. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Ndipo akauliza kama farasi huyu amekuwa akiinua mguu wa kulia mara kwa mara. Wifi yako akajibu kabla yangu, tena kwa furaha, kwamba ndiyo, hiyo ndiyo salamu yake, na siku hizi heshima imemzidi, anamsalimia kila apitaye na asiyepita. Daktari hakucheka. Alisema kwamba alikuwa akiupumzisha. Wifi yako aliingia ndani, nikasikia akifungua maji ya bomba, akayaacha yatiririke. Daktari akaniuliza hali hiyo ilianza lini. Nikamwambia, wiki tatu hivi.

Tukaanza matibabu. Tulimwaga mchanga laini bandani, tukamfunga pedi chini ya kwato, tukamchanganyia dawa kwenye pumba. Nami nikaanza kumpima, kwa kuwa sijui namna nyingine ya kukaa karibu na mgonjwa. Kutoka bandani hadi kwenye maji, zamani alikwenda hatua ishirini na mbili. Wiki ya kwanza zilikuwa arobaini na moja, ndogo ndogo. Niliandika pia muda aliojilaza na muda aliosimama. Nilikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, asubuhi na alasiri, nikamtazama kama sijapata kumtazama.

Je, uliwahi kuona kwamba mdomo wake wa juu ulianza kutembea kabla hajazifikia nyasi? Kwamba sikio la kushoto alilielekeza barabarani, la kulia akamwekea mtu aliye naye? Maumivu yakimzidi, juu ya jicho palijikunja kipembe kidogo cha ngozi. Dawa ikifanya kazi, kinakunjuka. Hata mbuzi wake, ambaye miaka yote alilala amemwegemea, alihamia upande wa ukuta, asimguse. Nani alimwambia? Nilimwuliza daktari, akasema hajui. Nilimheshimu kwa jibu hilo. Nakuambia ukweli, mdogo wangu, wiki zile nilikuwa na aina fulani ya furaha, kama mtu aliyekabidhiwa ramani ya nyumba alimozaliwa na kukuta ina vyumba asivyowahi kuingia.

Picha ya pili ilipigwa Jumatatu. Mguu wa kulia ulikuwa umefika digrii kumi na tisa, wa kushoto nane. Hatua za kwenda kwenye maji hazikuhesabika tena kwa sababu tulikuwa tukimpelekea maji. Nilimwuliza daktari angefanya nini kama farasi angekuwa wake. Akasema yeye ana paka tu, naye hamheshimu, na kwamba swali hilo nimelipeleka pasipo pake. Akaniambia niandike mambo matatu aliyoyapenda Karani kuliko yote, kisha nitazame ni mangapi bado anayafanya. Niliandika: kuingiza kichwa dirishani kwangu na kuzikagua karatasi zangu kana kwamba zina makosa, jambo lililompa jina lake. Kugaragara vumbini mara tu baada ya kupigwa brashi, makusudi. Kumfukuza mbuzi kwenye ndoo yake, halafu kumwachia. Nilikwenda bandani na karatasi hiyo. Mbuzi alikuwa akila kwenye ndoo ya Karani, na Karani akimtazama.

Nilirudi nikauliza kama anaweza kushikiliwa kwa dawa siku kumi na mbili, mpaka barua imfikie mwenye farasi. Daktari alisema inawezekana, angemwongezea kipimo. Kisha akaniuliza siku hizo kumi na mbili zitakuwa za nani. Wifi yako, ambaye haogopi kusema, alisema kwamba wewe ungetaka Karani aondolewe mateso mara moja, na pia ungetaka kuulizwa kwanza. Alikuwa sahihi kwa yote mawili, lakini yote mawili kwa pamoja hayakuweza kufanyika. Nilichagua lile lililokuwa na faida kwa Karani. La kwako niliacha kulifanya.

Jana palikucha jua kali. Misumari alifika bila kuitwa. Alipiga magoti, nyonga yake ile mbovu, akazifungua zile pedi moja moja, akisema kwamba Karani hakuzaliwa na plastiki miguuni wala hataondoka nayo. Mimi nilishika hatamu. Daktari alinionyesha mahali pa kusimama ili Karani asiniangukie. Sindano ya kwanza ilimshusha kichwa mpaka kwenye kifua changu. Ya pili ikamkunja magoti. Alipolala, ardhi ilitikisika chini ya nyayo zangu, nami nikawaza, hata wakati ule, kwamba ni uzito gani huu aliokuwa akiubeba kwa miguu ile.

Nilimwuliza daktari nitajuaje. Akanivisha masikioni kile kifaa chao cha kusikilizia moyo. Ulikuwa ukipiga polepole, kama mtu anayepandisha magunia ghorofani, anapumzika kila kidato. Kikaja kituo kimoja, nikangoja apande tena. Niliendelea kungoja mpaka daktari alipokivua kifaa masikioni mwangu. Mbuzi aliletwa amnuse, ili asije akamtafuta. Alinusa sikio, akanusa pua, akakaa kidogo, akaenda zake. Sijui alielewa nini. Ningependa kujua.

Sasa lile jambo.

Miezi saba iliyopita nilikuandikia kwa majivuno kwamba Karani amekuwa na adabu hata kunishinda mimi, anainua mguu bila kuambiwa shikamoo, na kwamba nimemwona kupitia dirishani akiuinua akiwa peke yake bandani. Nilimpa karoti kwa kila salamu. Ulinijibu kwa barua fupi. Uliniuliza, kama yuko peke yake bandani, anamsalimia nani? Ukaniomba niende nikamguse ukwato.

Unakumbuka nilivyokujibu. Nilikuambia kwamba miaka tisa ya kukaa na mashine haimfanyi mtu kuwa bingwa wa farasi, na kwamba anayemlisha kila siku ndiye anayemjua. Hukuuliza tena. Barua zako zilizofuata zilituulizia afya zetu tu. Ile yako niliiweka kwenye saraka ya meza yangu, chini ya ramani, wifi yako asiione.

Kutoka mezani pangu hadi bandani ni hatua thelathini. Sikwenda. Si kwamba nilisahau. Nililikumbuka swali lako kila nilipomwona akiinua mguu, na kila mara nikampa karoti nyingine. Sikwenda kwa sababu aliyeniagiza ni mdogo wangu. Daktari aliponiuliza tangu lini, nilimdanganya.

Jana, alipokuwa akipanga vyombo vyake garini, nilimwambia ukweli, kisha nikamwuliza swali nililoliogopa kuliko yote: kama mtu angemgusa ukwato miezi saba iliyopita, ingekuwaje? Alikaa kwenye ngazi ya gari, akafunga kamba za mabuti yake ingawa zilikuwa zimefungwa. Alisema kwamba wanaogunduliwa mapema wengi wao hupona, ingawa si wote, na kwamba kwa Karani hawezi kuapa. Nakupa jibu hilo kama alivyonipa, sijalipunguza wala kulilainisha. Wifi yako nitamwambia jioni hii, nikishaipeleka barua posta, nisije nikabadili nia.

Sikuombi uniambie kwamba si kitu. Uliuliza swali zuri, ukajibiwa kwa ukubwa wa kaka. Hasira uliyo nayo ni yako kwa haki, iandike yote, wala usiniwekee heshima ndani yake.

Wifi yako anakusalimu sana na anauliza kama unakula. Misumari naye anakusalimu. Anasema ukipata mchumba huko melini, umkague miguu kwanza. Wape salamu zetu wenzako wote wa chumba cha mashine.

Ukishuka bandarini, njoo nyumbani. Ikiwa hutataka kuniona, wifi yako atakupokea na kukuonyesha tulipomzika. Mimi nitakaa chumba cha nyuma mpaka utakaponiita.

Ni mimi,
kaka yako