Bima ya Pikipiki ya Mkweo

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua inasaidia, au unaipaka kumridhisha daktari tu? Sisi hatujambo. Mjukuu wako ameanza kukimbia, na nyumba nzima inakimbia nyuma yake.

Uliuliza kama mkweo ameshapata ile kazi ya kusambaza dawa kwenye zahanati. Samahani kwa kukuweka roho juu. Unajua mafao yake yote ya kiwandani tulinunulia pikipiki, lakini kampuni haimpi mtu kazi mpaka awe na bima kubwa, na mawakala wa bima hawapendi madereva wapya hata kidogo. Mume wangu alikuwa ameiwekea kazi hiyo moyo wake wote. Mimi nami, nisikufiche, nilichoka kuilisha nyumba kwa cherehani peke yake.

Wakala wetu tunamwita Bwana Helmeti, maana haivui hata akiwa ofisini. Anaandika nayo, anakunywa chai nayo. Alitueleza kwamba leseni ni nzuri, lakini yeye haweki saini kwa dereva mpya kabla hajamwona akizunguka kati ya mapipa kule uwanja wa nyuma, na mzigo mgongoni mwa pikipiki. Alisema wapya wakianguka hawaendi kumlalamikia mwalimu wao, wanamjia yeye.

Mkweo alijitahidi, Mungu anaona. Tatizo ni kwamba aliliogopa pipa, kwa hiyo akalikazia macho, na pikipiki ikaenda huko huko. Bwana Helmeti alimwambia atazame pale anapotaka kufika, si pale anapoogopa kugonga. Kusema ni rahisi. Tulirudi tena na tena, mapipa ya watu yakabonyea. Mara ya mwisho alizima injini akateremka, mabega yamelegea. Niliumia sana, Mama.

Sasa kaa vizuri. Nilisomea leseni pamoja naye, ili asijione mzee peke yake darasani, na mimi pia nikaipata. Hilo sikukuambia. Siku hiyo nilikwenda kumshikia chupa ya maji tu. Bwana Helmeti akanitania kwamba labda mke naye anataka kuyapiga teke mapipa yake. Nikapanda. Ukishona miaka yote hii unajua jicho halikai kwenye sindano, linakwenda mbele, kule mshono unakoelekea. Nikazunguka mapipa yote na kurudi bila kugusa hata moja.

Niliposhuka, mume wangu hakuwepo. Nilidhani nimemvunjia heshima, nikatamani ningeanguka. Kumbe alikwenda mwenyewe kwa msimamizi wa kampuni kumwambia kwamba dereva amepatikana, na ni mke wake.

Ndiyo, Mama, ninayesambaza dawa ni mimi. Nimeshaanza, na naipenda kazi hii. Najua unavyoziogopa pikipiki, na najua umeshawaringia majirani kwa ajili ya mkweo. Ukikasirika nikasirikie mimi. Yeye usimwone amepungua, nakuomba. Ndiye anayebaki na mtoto, na sasa anashona vifungo vya sare za shule, polepole lakini having'oki.

Siku ya kusaini, kila kitu kimekwisha, aliomba bima iongezewe kifungu cha abiria. Bwana Helmeti akashangaa, akasema kupanda nyuma ya dereva mpya ni kujitafutia balaa, akauliza ni nani huyo asiyeipenda roho yake. Mume wangu akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

Nisalimie kaka na wote walio hapo nyumbani. Mkweo anakuamkia kwa heshima. Niombee dua, nami nitakwenda taratibu.

Ni mimi mwanao,
Fundi wako