Wimbo Unaotaka Jina

Muaither, Doha

Dada yangu Nekesa,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto. Mwili wangu ni mzima, moyo ndio unaotetemeka. Baba ameamkaje? Kifua kimelegea, au bado analala ameketi? Usinifiche.

Naogopa, dada. Yule mama wa Meksiko ninayemfanyia kazi za nyumbani ni mtunzi wa muziki na mwalimu wa chuo. Akisikia mtu anaimba, hata fundi wa mifereji, humwomba arudie polepole huku yeye akiandika. Mwezi jana alinikuta napiga pasi, naimba chinichini bila kujijua. Jana akanichezea kwenye piano alichokiokota. Nusura niunguze shati. Ulikuwa ule wimbo ambao Shangazi huongoza matangani.

Kumbe ameshautungia kwaya, na Ijumaa utaimbwa ukumbini, kule Lusail. Amebakiwa na pengo moja, pale nilipokuwa nikiruka. "Hapa panakaa jina la mtu," akasema. "Nani?"

Wewe wajua. Wimbo ule hauimbwi pasipo maiti, na anayetajwa ndiye anayezikwa. Nikamsihi auache. Akanionyesha picha ya marehemu mama yake, imewekewa maua na mkate mezani. "Kwetu wafu tunawaalika," akaniambia kwa upole. "Weka jina lolote, binti. Ni muziki tu."

Jina lolote, dada. Mdomoni mwangu lilikuwepo moja tu, la Baba, kwa kuwa ndiye ninayemuwaza kutwa. Nikauma ulimi. Nilipokimbilia jikoni, Otieno, dereva wake, akaninong'oneza: "Sista, hiyo kitu lazima ipewe mtu. Ukikosa kuipea, itajichagulia."

Basi nikarudi nikampa jina la marehemu Mama yetu. Nilidhani aliyezikwa hazikwi tena. Sasa nahofia nimemwamsha, na anayeamshwa hapendi kurudi peke yake. Nyinyi mlilia, mkanyolewa, mkaondoa matanga. Mimi nilikuwa huku napiga pasi. Labda ndiyo maana wimbo ulinikwama kooni.

Tafadhali muulize Shangazi kabla ya Ijumaa kama kuna la kufanya. Akigomba, mwache agombe.

Nisalimie shemeji, na yule jirani anayemletea Baba uji, Mungu ambariki. Baba mwenyewe usimweleze lolote. Mwekee tu simu karibu na mdomo unitumie sauti yake. Hata akikohoa, nitashukuru.

Mdogo wako anayekupenda,
Naliaka