Pai Iliyomuua Jaji wa Little Marrable

Little Marrable, 14 Septemba 1953

Mpendwa Muriel,

Hujambo, mwanangu? Kikohozi kimepoa? Mimi mzima, ila goti linauma mvua ikikaribia, yaani kila siku.

Huku kumetokea kifo. Jumamosi, kwenye maonyesho ya mavuno, Bwana Cuthbert Yelland, jaji wetu wa mapishi, alikula pai ya matufaha ya jirani yangu Enid Rudge. Muda si muda akaangukia meza ya maboga, akafa. Daktari anasema ni sumu ya panya. Sajenti Bagley amemkamata Enid!

Nikamwambia, "Sajenti, Enid hushinda kila mwaka. Atamuuaje jaji anayempa ushindi?"

Akanijibu, "Bi Hester, nenda nyumbani ukafume soksi."

Basi amenichokoza. Kabla hawajaiondoa ile sahani niliinama nikanusa. Karafuu! Enid hawezi kukaa chumba kimoja na karafuu, zinamkumbusha daktari wa meno. Sahani ni yake, pai si yake. Sasa nataka kujua ni nani hapa kijijini anayetia karafuu.

Shangazi yako,
Hester

Bristol, 17 Septemba

Shikamoo Shangazi,

Kikohozi kimekwisha, asante. Pole sana kwa mkasa. Tangu nipate barua yako hapa duka la dawa nawapa wateja chupa zisizo zao.

Shangazi, sumu hiyo naijua, tunaiuza hapa dukani. Mwachie Sajenti kazi yake. Na kama huwezi, maana nakujua, basi usile kitu kwa mtu! Vipi Bi Drusilla, dada wa marehemu? Walikuwa wawili tu nyumba nzima.

Mwanao,
Muriel

Little Marrable, 20 Septemba

Mwanangu Muriel,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila sketi imenibana.

Enid yuko gerezani mjini. Wakimtia hatiani ni kitanzi, Muriel. Nitakaaje nyumbani nifume soksi?

Napita nyumba kwa nyumba nikisema nakusanya mapishi ya kitabu cha kanisa. Nimeshakula pai saba. Mke wa kasisi anatia mdalasini. Mke wa mchinjaji alikosea akatia chumvi badala ya sukari, nami nikamsifu huku machozi yananitoka. Karafuu hakuna. Kesho nakwenda kwa Drusilla. Yeye simshuku, nakwenda kumpa pole tu.

Shangazi yako,
Hester

Bristol, 9 Oktoba

Shikamoo Shangazi,

U mzima kweli? Nimekuandikia mara mbili, kimya. Ulikula nini kwa Bi Drusilla? Jumatano ikifika bila jibu, napanda treni.

Mwanao,
Muriel

Little Marrable, 12 Oktoba

Mwanangu,

Nisamehe. Sikuwa mgonjwa, ni kalamu tu iliyokuwa nzito. Enid amerudi nyumbani, amekonda, lakini anacheka.

Siku ile Drusilla alinikatia pai. Harufu ya karafuu iliponifika puani nikaweka uma chini. Akaniona.

"Kula tu, Hester. Hii haina kitu."

"Na ile?"

Akakaa. "Miaka ishirini na sita nimempikia kaka yangu. Kila Jumapili anasukuma sahani akisema Enid asingetia sukari hivi, Enid anajua kukanda. Nikataka siku moja aile yangu akidhani ni ya Enid. Nikabadilisha pai pale kwenye hema la maonyesho, yangu nikaiweka kwenye sahani yake, ya Enid nikawapa kuku wangu."

"Sasa sumu ya nini, Drusilla?"

"Nilijua ataisifu, na sifa atampa Enid. Nisingeweza kuvumilia kumsikia."

Nikamwambia kwamba Enid atanyongwa. Alishtuka, Muriel. Nadhani hakuwa amefikiria zaidi ya ile meza. Alisafisha vikombe, akavikausha, akavaa kofia yake nyeusi, akaniomba nimsindikize kituo cha polisi.

Kijiji kizima kinanipongeza sasa. Hata Sajenti Bagley amenivulia kofia. Nashukuru, halafu naingia ndani na kufunga mlango.

Njiani siku ile tulifika darajani. Hapo akasimama, uso unamng'aa kama wa msichana.

"Aliomba kipande cha pili, Hester," akasema. "Nilikuwa nimesimama nyuma ya hema, nikamsikia. Kipande cha pili!"

Nilimshika mkono, tukaendelea kutembea.

Shangazi yako,
Hester