Leo Nilimuambia Tata Mukubwa Aikale Chini

Kolwezi, siku ya kwanza, Jumatatu jioni. Mvua ilinyesha toka asubui, sasa imeacha. Barabara yote ni matope nyekundu, makamyo ya mine, ya mugodi, inapita polepole mbele ya nyumba na kila moya inapiga honi kama mi njo nimeitia ile matope. Niko na hasira. Niko na haya pia. Hasira nitaimaliza na kusafisha sufuria, lakini haya haisafishwe na majivu, njo maana naandika.

Leo tulifungua session ya kwanza ya badeputé bapya, wabunge ba province.

Kwa benye habayue namna inaendaka: badeputé bakiwa bapya, habana mukubwa bado, na hakuna moya wao mwenye anaweza kushika nyundo mbele ya benzake. Sasa nani anafungua? Njo mi. Mukubwa wa administration, mutumishi tu, mwenye hata mutu moya hakumupigia kura. Naita majina moya moya, naangalia kama bantu banatosha, nasoma article ya sheria, kisha naita biro ya muda. Deputé mwenye kuzeeka kupita bote anaikala mu kiti ya mukubwa. Badeputé babili benye umri mudogo kupita bote banaikala ku kuume na ku kushoto yake. Nyuma ya pale mi nashuka, narudia ku meza yangu ya pembeni. Ile biro ya muda njo inaangalia makaratasi ya kila deputé, inapitisha règlement, kanuni ya kazi, inachaguza biro ya kweli. Kazi yake ikiisha, muzee anarudia ku benchi kama bengine.

Robo saa. Mi nashika nyundo robo saa tu, na naipenda ile robo saa, naisema bila kujificha. Miaka yote napanga biti, najaribu mikro, napiga simu juu ya mazutu ya groupe ya umeme. Siku moya mu miaka mingi, bakubwa bote bananyamaza juu mi naongea.

Sasa maneno iko hapa. Kati ya badeputé bapya eko tata mukubwa yangu, Tata Mulumba, yaya ya marehemu tata yangu, mwenye alizaliwa mbele yake. Na tata mukubwa alikata miaka.

Kila mutu mu familia anayua. Wakati kampuni ya mine ilianza kurudisha bazee ku nyumba, alienda ku ofisi ya commune na kuku moya na mushahidi moya, akarudia na karatasi yenye ilimupunguzia miaka sita. Hapa kwetu hiyo haikukuwa ajabu. Batoto baliongeza miaka juu baingie ku kazi, bazee balikata juu basitoke. Ukiangalia makaratasi ya ile wakati utasema hakuna mutu alizaliwa siku yake.

Na mwingine, Tata Samba, deputé wa ku Mutshatsha, yeye aliongeza. Alikuwa na miaka kumi na tano, akasema kumi na nane, akaingia mu atelier ya kampuni, na mwenye alimufundisha kushika chombo ya kwanza ni tata mukubwa mwenyewe. Tata Samba anaielezaka na kicheko mbele ya bantu. Kwa hiyo muelewe vizuri: ku tumbo ya mama, tata mukubwa anamupita Tata Samba miaka ine. Ku karatasi, Tata Samba njo anamupita miaka tano.

Na sheria haina tumbo. Iko na karatasi tu.

Jana, nyuma ya ibada, tata mukubwa alikuya ku nyumba yangu. Costume mupya ya kahawia, kofia ku mukono, na mu mufuko hotuba ya doyen, ya ule mwenye kuzeeka kupita bote, kurasa ine. Alinisomea yote, mi nasimama na mwiko ya kusonga bukari, maji inachemka mupaka inakauka. Ilikuwa hotuba ya muzuri, siwezi kusema uongo. Alisalimia mpaka bachimba-mawe ba Kasulo benye banachimba chini ya bitanda byao. Akaikunja, akairudisha mu mufuko, akaniambia:

— Mwana yangu, kesho ukiniita nitapanda polepole. Magoti inauma.

Nikamuambia ukweli. Nikasema, tata mukubwa, ku liste ya umri jina yako haiko ya kwanza.

— Liste! We unayua nani alizaliwa mbele, ao hauyue?

— Nayua.

— Basi soma ile yenye unayua.

Nikasema siwezi. Akavaa kofia. Ku mulango akageuka, akasema kama naita Samba, siku ya posho tutafute mutu mwingine wa kupokea bakwe.

Siku ya posho, Jumamosi hii, familia ya bwana harusi inatoka Dilolo kulomba mudogo yangu Dorcas. Tata yetu alikufa. Mwenye anapaswa kuikala mu kiti ya mbele, kusikiliza bageni, kuuliza Dorcas mbele ya bote kama anakubali, ni tata mukubwa. Hakuna mwingine. Bakikuta kile kiti haina mutu, bantu ba Dilolo batasema tumebaletea mutoto mwenye hana kwao. Dorcas jana alisikia yote toka chumba ya nyuma. Alitoka na ndoo akaenda kuteka maji yenye hatukuwa na lazima nayo.

Mtu ataniuliza, sasa ungepoteza nini? Muzee mwenyewe mukubwa wa kweli, kila mutu anayua, ita jina yake, maneno iishe. Aa, hapana! Hapo "kila mutu anayua" njo iko sumu. Leo mi naacha karatasi juu ya "kila mutu anayua" ya tata mukubwa yangu, kesho mutu mwenye nguvu anakuya na "kila mutu anayua" yake, nitamujibu nini? Na kama kiti ya kwanza imeikaliwa na mutu mwenye haipaswe, kila kitu yenye ile biro itafanya, mutu anaweza kuivunja. Na tena, acha niseme wazi: ile miaka hakuna mutu alimuibia. Alikata yeye mwenyewe, akala matunda yake. Maji ukiivulia nguo, uioge.

Hivi njo nilijiambia asubui nikifunga kitambaa.

Saa ine kamili tukaanza. Niliita majina yote. Nilipofika ku Mulumba akaitika "Présent!" na sauti ya mutu wa atelier, ukuta ukaitika naye. Bantu balitosha. Nikasoma article, polepole, mara moya. Kisha nikasoma jina ya Tata Samba, na umri wake kama iko ku karatasi.

Tata mukubwa akasimama kupinga utaratibu.

— Motion d'ordre!

Kicheko kidogo ikatoka nyuma ya salle, juu bengi balitoka ku cité moya ya kampuni na bale bazee babili, banaiyua ile hadisi. Mi nilikuwa na nyundo ku mukono. Nilimuangalia. Yeye njo alinishika mukono siku ya kwanza ya masomo, yeye njo alisimama ku kaburi ya tata yangu mupaka udongo ikaisha. Sauti yangu ikatoka mu pua, lakini ikatoka:

— Honorable Mulumba, mbele ya biro kuikala, hakuna motion. Tafazali, mwikale chini.

Hakuikala palepale. Alisimama pale, na mukono moya yulu ya mufuko wa hotuba, mupaka nikafikiri nitapaswa kurudilia. Kisha akaikala.

Mutoto anamuambia tata aikale chini mbele ya bantu. Kwetu hata ukiwa na cheo gani, hiyo haisemwake.

Tata Samba akaanza kutembea kwenda mbele. Njia ilikuwa wazi, lakini yeye akapita ku upande ya benchi ya tata mukubwa, akasimama, akatoa kofia. Mikro haikuwa pale, lakini bote tulisikia.

— Yaya, napita.

Tata mukubwa aliangalia dirisha. Tata Samba akangoya kidogo, akapita, nikamupa nyundo. Nikaita badogo babili, binti wa ku Dilolo na kijana moya wa hapa mujini, bakaikala bakinyoosha migongo kama siku ya picha. Robo saa yangu ikaisha. Tata Samba akaongea bila karatasi, maneno kidogo, kisha biro ikaanza kugawa kazi ya kuangalia makaratasi ya badeputé. Yote ilienda sawa. Hakuna hata mutu moya aliweza kusema neno yulu ya namna tulifungua.

Nilipaswa kufurahi. Kila mara ingine nilirudiaka ku nyumba nikiimba.

Saa kenda mama mukubwa, muke ya tata mukubwa, akapiga simu. Yeye hapendi maneno, alisoma tu kile alitumwa, nilisikia anavuta pumzi kati ya kila sentensi. "Tata mukubwa yako anasema hivi: kama unafuata karatasi, basi fuata mupaka mwisho. Ku karatasi, mi niko mudogo ya tata yako. Niko tata mudogo. Tata mudogo hapokee bakwe, ile kiti ni ya tata mukubwa. Ulize karatasi ikupokelee bakwe."

Wee, mama! Nilikata simu, nikatupa kijiko, ikapiga sahani, sahani ikapasuka. Nilikasirika sana juu muzee yule alinipiga na fimbo yangu mwenyewe. Na iko kweli! Mushahidi mwenye alienda naye ku commune na ile kuku alikuwa tata yangu. Mudogo aliapa mbele ya serikali ya kwamba yaya yake alizaliwa nyuma yake. Alirudia ku nyumba akatuambia, "Leo nimezaa yaya yangu," akacheka mupaka akakohoa. Mi nilikuwa mutoto, nilicheka naye.

Nilikuwa nafagia bipande bya sahani njo nikakumbuka kitu yenye sikutaka kukumbuka tangu jana. Ile miaka sita tata mukubwa aliendelea kutumika ku kampuni, tata yangu alikuwa mugonjwa, hakutumika tena. Nani alituma mi ku internat, ku masomo ya kulala? Nani alilipa mupaka ile diplome yenye inaniruhusu leo kusimama mbele ya badeputé na kusoma article? Niliandika hapo yulu, "akala matunda yake." Uongo. Yeye alikata, mi njo nilikula. Nimeiacha vile niliiandika, sifute, juu njo vile nilifikiri asubui na nilikuwa najiamini sana.

Basi nilikosea?

Nimejiuliza hiyo toka saa kenda mupaka sasa. Nimeikala ku kiti ya jikoni, Dorcas anapita, ananiangalia. Hapana. Sikukosea. Ningeisoma tena kesho, jina ile ile, umri ule ule. Kama alitumika miaka sita juu nisome, alitaka nisome nini, kama hapana kile kimeandikwa? Lakini nimeona kitu moya, na nimefundishwa na mutu wa Mutshatsha mwenye hakumaliza hata masomo. Tata Samba alienda kuikala mu kiti yenye sheria ilimupa, hakukataa, hakujifanya munyenyekevu wa uongo. Na mbele ya kuikala alitoa kofia kwa mukubwa wake. Bitu bibili, siku moya, mutu moya. Mi nilifanya kimoya tu, nikarudia ku meza yangu na kukunja makaratasi. Tata mukubwa alipita karibu yangu akitoka, hata shikamoo sikumupa. Niliogopa bantu baseme namuomba radhi juu ya liste.

Hiyo njo haya yangu. Si nyundo.

Kwa hiyo nimekata shauri. Kesho plénière, kikao ya bote, ni saa ine. Saa kumi na mbili nitakuwa ku lupango ya nyumba ya tata mukubwa, na Dorcas naye, nimemuambia, ameanza kupiga pasi kitambaa. Sitapeleka zawadi, ataona namununua. Sitapeleka karatasi yoyote. Nitaingia na miguu wazi, bila biatu, nitapiga magoti pale mbele ya batoto bake bote na majirani kama bataamuka, nitamuita Tata Mukubwa, na sauti ya kusikika mupaka barabarani. Nitamulomba aje siku ya posho aikale mu kiti yake, juu mu nyumba yetu hakuna commune yenye iliandika nani alizaliwa mbele.

Labda atakataa. Ana kichwa ngumu, sisi bote twaitoa pale pale. Labda ataniacha pale chini mupaka saa ya kazi ifike, na nitaenda ku plénière na udongo ku magoti.

Na namuyua, mbele ya kunijibu ataniuliza kama najutia kusoma ile jina. Nitamujibu hapana. Nitamujibu hapana magoti ikiwa chini.