Nusu Iliyobaki Kwenye Sirinji

Jumanne, 3 Juni

Leo nimesimamishwa kazi. Nimeiandika hiyo sentensi, nimeitazama, haijaniliza. Labda kesho.

Matroni kaniita ofisini hata aproni sijavaa. Mlango kaufunga mwenyewe — na matroni wetu hafungi mlango, akigomba anapenda wodi nzima isikie. Nikajua hapa kuna jambo. Eti wiki iliyopita mtu wa usafi kakuta sirinji iliyotumika, imefichwa nyuma ya tangi la choo cha wafanyakazi. Maabara wameipima: mofini, ile dawa kali ya maumivu. Na siku hiyo wodini kwetu alichomwa mofini mgonjwa mmoja tu, na aliyemchoma ni mimi. Kichupa ni kizima, daktari aliagiza nusu. Nusu iliyobaki imekwenda wapi?

Nikamwambia, imemwagwa kwenye sinki kama siku zote. Sahihi yangu ipo. Ya shahidi ipo. Shahidi ni wifi yangu, mke wa kaka, tunafanya kazi wodi moja.

Matroni akanijibu kwa upole, ile sauti tunayowapa ndugu wa mgonjwa. Kwamba yeye hana la kusema, Baraza la Wauguzi ndilo litaamua kuhusu leseni. Leseni yangu! Mimi niliyewafundisha nusu ya manesi wa pale kutafuta mshipa. Nikamkabidhi funguo za kabati la dawa, nikampa na mkojo wa kupima, nikaenda zangu.

Ijumaa, 6 Juni

Mkojo umetoka safi. Haya, furaha gani? Wanasema siku zimepita nyingi, hauthibitishi kitu.

Mama nilikuwa sijamwambia. Naamka, naoga, navaa, nakaa. Lakini mama si wa kudanganywa. Leo kaniuliza ni zamu gani hii ya kulinda kochi. Basi nikamweleza yote. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja. Halafu akasema yeye sindano anaiogopa kuliko nyoka, na maisha yake yote nesi aliyempa mkono bila kufumba macho ni mmoja tu. Nikaingia chumbani. Hapo ndipo nililia, tena kilio cha sauti.

Jioni wifi akaja na mapacha. Wale wamefurahi kweli: "Shangazi umeacha kazi? Basi utakuwa unatuchukua shule!" Wamemaliza biskuti zote, wamemwaga chai kwenye zulia. Wifi kanikumbatia mpaka mbavu zikauma. Kasema nisiwe na wasiwasi hata chembe, atasimama mbele ya Baraza aseme aliniona nikimwaga, kwa macho yake mawili. Nilimshukuru. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwombea kazi pale, nikamwonyesha kila kitu kuanzia kutandika kitanda. Leo ananilipa wema.

Jumatano, 11 Juni

Nimekutana na wakili wa chama chetu cha wauguzi. Kijana, tai imembana, kila sentensi anaianza na "kwa hiyo, dada". Lakini ana akili. Hakutaka maelezo ya mdomo. Kanipa kalamu, kasema hiyo ndiyo sirinji, meza ndiyo kitanda, lile beseni la maua ndilo sinki. Nionyeshe ulivyofanya siku ile, hatua kwa hatua.

Nikaona aibu kidogo, nikaanza. Nimevunja kichupa. Nimevuta dawa. Nimemchoma mgonjwa nusu yake, nikamfunika. Nimetembea na kalamu yangu mpaka kwenye sinki. Wifi yuko pembeni, anasuuza trei. Nikanyoosha mkono —

Kengele! Kengele ya yule mzee wa kitanda cha dirishani. Mungu wangu, nilikuwa nimemsahau kabisa. Mguu mmoja ulikuwa ushafika chini, mwingine umenasa kwenye shuka. Nikamwambia wifi, "Nimwagie hiyo," nikaiweka kwenye trei, nikakimbia. Nikamdaka mzee, nikambembeleza, nikambadilisha shuka. Niliporudi sirinji haikuwepo. Nikanawa mikono, nikatia sahihi kwamba nimemwaga. Wifi akatia sahihi kwamba ameona.

Ndivyo tunavyofanya wote. Nimwagie, nami nitakumwagia. Wodi ina vitanda vingi na sisi ni wachache, nani ana muda wa kusimama kutazama matone?

Nimesimama mbele ya maua ya watu na kalamu mkononi. Wakili akauliza, "Kwa hiyo, dada, halafu?"

Nikasema, "Halafu nikamwaga."

Alhamisi, 12 Juni

Sitaki kuwaza ninachokiwaza.

Wifi anaumwa mgongo tangu siku ile alipomnyanyua peke yake yule mgonjwa mnene. Sawa. Nani wodini haumwi mgongo? Mimi pia naumwa. Matroni anaumwa.

Mama kasema uso umenishuka. Nimemwambia ni jino.

Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda kwao. Nilijiambia naenda kusalimia. Muongo mkubwa mimi.

Wifi alikuwa jikoni anaosha vyombo. Nikachukua kitambaa, nikawa nafuta. Tukasengenya kidogo — matroni kanunua wigi, eti limemkaa kama kofia ya baridi. Tulicheka. Halafu nikamuuliza, polepole. Siku ile, wifi. Mzee alipotaka kuanguka. Ile sirinji nilikuachia wewe. Uliimwaga?

Hakugeuka. Akaendelea kusugua sufuria ambalo lilikuwa safi tayari. Akasema, "Ulimwaga wewe, wifi. Mimi nilikuona. Ukafungua maji kwa nguvu yakakurukia aproni, ukatukana." Alivyoeleza! Nikaanza kuyahisi yale maji tumboni. Akasema nimechoka, nachanganya siku, ya mzee ilikuwa siku nyingine. Kaniwekea mkono wenye povu begani, kasema tuyaache hayo, tule.

Nikala. Ningefanyaje?

Kaka akanisindikiza mpaka barabarani. Yeye ni dereva wa lori, nyumbani yuko kwa kubahatisha. Akaniambia ananishukuru sana. Kwa nini? Kwa ile dawa ya kuchua niliyompa mkewe. Ni kiboko, kasema. Mgongo umempoa kabisa, siku hizi ana raha, hata hagombi na watoto.

Nikamwambia karibu.

Sijawahi kumpa wifi dawa yoyote ya kuchua.

Jumamosi, 21 Juni

Nina hasira. Wacha niandike, hapa hakuna wa kunisikia. Nina hasira na wifi mpaka meno yanauma. Kazi nimtafutie mimi, choo achafue yeye, jina lioze langu! Halafu anakuja kwangu na mapacha ananikumbatia!

Baadaye nikamkumbuka usiku ule alipojifungua, alivyonishika mkono, anasema usiniache wifi. Hasira ikapungua. Haikuisha.

Nimejaribu kupiga hesabu zangu kichwani. Nikishika niliyoyasema, na yeye akayashika yake, leseni yangu naipata. Nikisema ukweli, kwanza nimejiumbua mwenyewe: nilitia sahihi kitu nisichokifanya. Wanaweza kuninyang'anya leseni kwa hilo tu. Na yeye ndiyo basi, na kaka, na wale watoto. Nikinyamaza je? Ataendelea wodini. Atakuwa na funguo. Mgonjwa wa kitandani atachomwa maji, alie maumivu, aambiwe avumilie dawa inafanya kazi.

Mama kaingia kuniuliza kwa nini wifi haji siku hizi. Nimesema yuko zamu.

Jumatano, 25 Juni

Naandika kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha Baraza. Wamekwenda kula.

Nilidhani patakuwa kama mahakamani. Wapi! Meza ndefu, jagi la maji, feni inayolia. Mwenyekiti ni mama mtu mzima, nesi wa zamani, unamjua kwa anavyokaa, mgongo wima kama anasubiri kuitwa. Matroni kaeleza yake, hakuniongezea wala hakunipunguzia. Wigi hakuja nalo.

Kisha wifi. Kasimama vizuri, kajibu vizuri. Aliona kwa macho yake? Aliona. Nusu nzima? Mpaka tone la mwisho. Akaeleza na maji yaliyorukia aproni. Mwenyekiti akaandika, akanitazama, akatabasamu kidogo. Wakili akanikanyaga mguu chini ya meza kwa furaha. Moyo wangu nao ukafurahi, siwezi kuusingizia. Nikajiona ninavaa aproni kesho.

Mwenyekiti akasema limebaki dogo tu. Baada ya mapumziko nitasimama niwaeleze mwenyewe, bila karatasi: nilipofika kwenye sinki, nilifanya nini.

Tukatoka. Wifi akaenda chooni, akakaa sana. Aliporudi alikuwa ametulia, uso laini. Kakaa karibu yangu, kasema, "Tumeshinda, wifi." Ulimi mzito. Kisha akaniegemea begani, na sasa amelala. Mchana kweupe, watu wanapita na mafaili, mlango unabamizwa kila saa, yeye hashtuki. Nimemwita, kaitika "mm", karudi palepale.

Nikafanya nililofanya kwa wagonjwa miaka yote, kabla sijafikiri. Nimemfunua jicho kwa kidole. Mboni ndogo, imekuwa nukta, kama ya mgonjwa aliyechomwa mofini. Nimemsikiliza pumzi: ziko, nzito lakini zinakwenda vizuri. Mkono wake uko mapajani mwangu, umefunguka kama wa mtoto.

Wamerudi. Wakili keshaingia. Karani ametoa kichwa mlangoni, ananiita. Nimemwambia subiri kidogo, nikisimama ataanguka.