Kimya Kilichonijibia

Jumatano, 8 Januari

Afisini kwa kadhi siku nzima. Mimi ndiye karani anayeuliza swali la kwanza: umekuja kwa hiari yako? Kwa kawaida nauliza bila kuinua macho. Leo swali limenichoma. Kesho Ami Bakari, ndugu wa marehemu baba, atakuja kuniuliza kama nimeridhia posa ya Swaleh. Swaleh ana duka Mombasa. Mtu mwema, mswalihina. Simtaki. Sababu nyingine sina.

Mama anasema limeshaandikwa. Kama limeandikwa, mbona Ami aja kuniuliza? Sikumwambia. Niliendelea kumenya vitunguu.

Alhamisi, 9 Januari

Kwetu mwali akinyamaza, amekubali. Huona haya kutamka, basi kimya chake ndiyo ridhaa. Anayekataa lazima anene. Nani ajuaye hayo kuliko mimi?

Ami alisimama nyuma ya pazia na mashahidi wawili. Aliuliza mara tatu. Neno nilikuwa nalo, nimelifanyia mazoezi tangu asubuhi. Ulimi ukakauka. Mara vigelegele. Shangazi akanifinya shavu: "Muoneni, ana haya kama bibi harusi wa kale."

Haya wapi. Woga. Nauchukia.

Ijumaa, 10 Januari

Sikula. Je, jana ningeweza kusema? Pazia lile lile, Ami yule yule, woga ule ule. Kama nisingeweza, basi sina lawama. Lakini pia sina maisha yangu.

Afadhali lawama.

Wanataka nikaha wiki ijayo, kabla Swaleh hajarudi dukani. Kesho naenda kwa Ami.

Jumamosi, 11 Januari

Pikipiki hadi Matondoni. Ami ni fundi wa mashua. Nilimkuta akiziba nyufa kwa pamba na mafuta, na mafundi wenzake wawili. Sikungoja kuulizwa.

"Ami, sikukubali."

Nyundo ikasimama. "Mbona juzi hukunena?"

"Niliogopa."

"Na leo huogopi?"

"Naogopa vile vile."

Fundi mmoja akasema, "Bwana Bakari, huyu ni marehemu nduguyo mtupu." Ami hakucheka.

"Waniaibisha mbele za watu. Haya, ndia hiyo. Nenda."

Nililia njiani. Sikurudi kulifuta neno langu.

Jumatatu, 13 Januari

Jana Ami alipeleka jibu kwa kina Swaleh, kwamba nimekataa. Kwetu hajaja, na sijui atakuja lini. Mama hasemi nami. Ila asubuhi nilikuta chai yangu imefunikwa kwa kisahani.

Afisini aliingia msichana na walii wake, mzee wa kumwoza. Nikauliza swali langu. Msichana akainama.

"Andika, binti," walii akasema. "Amekubali huyo, ana haya tu."

Niliweka kalamu chini. Nikamtazama msichana, nikangoja.